Siku moja maishani mwangu: saiba ya Malindi na rubani wa Vasco da Gama

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimeswali, chai bado, simu mkononi. Kwenye ukurasa wa historia ya Malindi katika Wikipedia ya Kiswahili, aya niliyoiandika jana usiku kuhusu rubani wa Vasco da Gama imetenguliwa tena. Ni yule yule mhariri wa Mombasa, na maelezo yake ni mafupi: "Ibn Majid anajulikana na kila mtu. Acheni kutufutia historia yetu."

Saa mbili nafungua saiba, duka langu la kompyuta na intaneti. Fotokopi, picha za pasipoti, ritani za kodi za KRA, barua za kuomba kazi. Uhariri naufanya mteja mmoja akitoka na mwingine hajaingia, na haunipi hata ndururu.

Kisa chenyewe: Aprili 1498 Vasco da Gama, baharia Mreno, alitia nanga hapa kwetu, mfalme wa Malindi akampa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, na Mei wakawa Calicut. Hapo hatugombani. Tunagombana kuhusu rubani alikuwa nani. Simulizi tuliyokulia nayo inamtaja Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari wa Julfar, Ras al-Khaimah ya leo. Mimi niliandika kwamba simulizi hiyo ni maarufu ila wanahistoria wengi wa sasa hawaikubali. Basi nikaitwa kibaraka wa Wareno.

Saa nne. Bwana wa Mombasa ameleta viungo vyake kwenye ukurasa wa majadiliano, vimejaa mpaka chini. Nimevifungua kimoja kimoja huku mashine ikitoa nakala za mtihani wa shule jirani. Kimoja ni tovuti ya watalii, na sentensi yake nimeitambua papo hapo: "rubani mashuri wa Kiarabu". Mashuri! Kosa hilo la tahajia limo kwenye makala yetu, na ukifungua historia ya ukurasa unaliona lilivyoingia, miaka kabla ya tovuti hiyo kuandika chochote. Wametunakili sisi, kisha sisi tunawaleta kama mashahidi wetu.

Vingine ni vitabu vya kweli, lakini ukifuata tanbihi zao zinakutana njia moja. Nyingi zinamtegemea Mfaransa Gabriel Ferrand, mwanzoni mwa karne ya 20, naye alimtegemea Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika Makka miongo kadhaa baada ya safari ile. Al-Nahrawali anasema Wareno walimlevya Ibn Majid hadi akawatajia njia. Vyanzo vya Wareno vilivyo karibu zaidi na tukio havimtaji. Shajara ya safari yenyewe inasema walipewa rubani Mkristo. João de Barros, mwanahistoria Mreno wa karne ya 16, anasema alikuwa Mwislamu wa Gujarati aliyeitwa Malemo Cana. Na hawa nao hawapatani, ujue! Vitabu ishirini vilivyonakili mahali pamoja ni chanzo kimoja, hata ukivipanga rafu nzima.

Saa sita mzee mmoja wa Shela ameingia kutoa nakala ya kitambulisho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bado wabishana na hiyo mashine?"

Nimemsomea aya yangu. Akatikisa kichwa. Rubani ni Ibn Majid, akasema, hilo halina swali. Nikamuuliza aliambiwa na nani, babake au babu yake? Akafikiri kidogo, akacheka. "La. Ni mwalimu wetu, darasani."

Basi nikamuuliza babake alimwambia nini kuhusu bahari. Hapo ndipo aliposahau kitambulisho chake kwenye mashine. Alinieleza jahazi lilivyongoja kaskazi likaze, nyota gani ilishikwa upande gani usiku wa kwenda Lamu, na mahali nje ya mwamba ambapo nahodha hakukubali mtu alale. Wateja wawili walingoja, hakuna aliyelalamika.

Sasa ndiyo hasira yangu. Alichokipata darasani kina viungo mpaka chini ya ukurasa. Alichokipata kwa babake siwezi kukiweka hata mstari mmoja, kwa sababu kanuni ya Wikipedia inadai kitu kilichokwisha kuchapishwa ambacho msomaji anaweza kukihakiki. Kanuni naikubali; bila hiyo kila mtu angeandika ukoo wake ndio ulioujenga mji. Lakini haiumizi wote sawa. Inauma zaidi huku kwetu, ambako wengi wenye elimu ya bahari hawakuulizwa na mtu mwenye kalamu.

Saa nane na nusu. Kijana wa kampeni anataka nimtengenezee mheshimiwa wake ukurasa, na makala ameshaiprinti: "shupavu, mchapakazi, kipenzi cha wananchi". Pesa ipo, dada. Nikamwambia tangu 2014 masharti ya kutumia Wikipedia yanamtaka anayelipwa kuhariri atangaze wazi nani anamlipa, na kwamba tukiweka "mchapakazi" wapinzani wataweka neno lao. Akaniuliza kama kuna saiba nyingine mtaani. Ipo, nikamwelekeza.

Saa kumi stima imepotea mpaka magharibi. Sina la kusimulia, ila nimelala juu ya kaunta.

Saa tatu usiku, nyumbani, naandika upya. Mhariri wa Nairobi alikuwa amependekeza tuweke pande mbili nusu kwa nusu ili amani irudi. Sikubali. Kutopendelea upande si kugawa sambusa. Kila dai lipewe uzito wa ushahidi wake, na msomaji aone nani alilisema na lini. Kwa hiyo simulizi ya Ibn Majid imebaki, tena imepata nafasi zaidi kuliko jana: nani aliianzisha, nani aliieneza, kwa nini inapendwa pwani. Halafu shajara, halafu Barros, halafu mashaka ya wanahistoria kama G. R. Tibbetts na Sanjay Subrahmanyam. Tovuti ya "mashuri" nimeiondoa na sababu nimeiandika kwenye majadiliano.

Saa nne na robo bwana wa Mombasa amejibu. Hajatengua. Anataka namba ya ukurasa kwa Barros, na hapo yuko sahihi, nimeitia baada ya kuitafuta kwenye nakala ya mtandaoni.

Saa tano kasoro simu imelia tena. Bwana wa Mombasa amehamia kwa twiga aliyepelekwa China mwaka 1415, anayetajwa kwenye ukurasa ule ule: anauliza tuna hakika gani kwamba "Ma-lin" ya kumbukumbu za Wachina ni Malindi, na kwa nini sentensi ile haina tanbihi. Nimeangalia. Kweli haina.