Jogoo Juu ya Uzio

Treni ya asubuhi kutoka Antwerpen ilivuka mpaka bila mtu kutuuliza pasi. Nilijua tumeingia Uholanzi kwa ujumbe wa kampuni ya simu tu. Nikacheka peke yangu, maana nilikuwa naenda Amsterdam kutazama katuni ya enzi ambayo mpaka huo uligombewa kwa mizinga.

Kwenye chumba cha kusomea michoro cha makumbusho ya Rijksmuseum, kalamu ya wino huingii nayo. Ni penseli tu. Wakaniletea karatasi isiyozidi ukubwa wa daftari la shule. Mchungwa umesimama ndani ya uzio wa fito. Mwanamume mwenye shati pana la buluu anakata shina kwa msumeno, pua yake nyekundu kama ya mlevi. Simba mwenye mishale saba anainuka. Juu ya uzio, jogoo. Chini pameandikwa 1831, basi.

Nikajitia ujuzi: huu ni ugomvi wa wauza matunda. Mzee wa meza ya jirani aliponiona naandika hivyo, akainama akaninong'oneza, "Hilo si tunda, bibi. Ni mfalme."

Kumbe ukoo wa kifalme wa Uholanzi, Oranje, ulipata jina kutoka mji wa Orange, kusini mwa Ufaransa. Chungwa limejiingiza kwa kufanana jina tu. Jezi zile za rangi ya chungwa za timu yao nimeziona kwenye Kombe la Dunia, wala sikuwahi kujiuliza.

Baada ya hapo, mengine yakafunguka. Mishale saba ni majimbo saba ya zamani ya Uholanzi, uzio ni nchi yenyewe. Mwenye msumeno ni Mbelgiji. Mwaka 1815 wakubwa wa Ulaya waliwaunganisha watu wa kusini (Wabelgiji) na wa kaskazini (Waholanzi) chini ya Mfalme Willem wa Kwanza wa ukoo huo; Agosti 1830, baada ya onyesho la opera, Brussels ikawaka kwa uasi. Tarehe 5 Februari 1831 Van Speijk, luteni wa jeshi la majini la Uholanzi, akailipua mashua yake mwenyewe kwenye mto Schelde pale Antwerpen ili isitekwe. Mto ule naupita kila siku nikienda sokoni. Kwa Waholanzi ni shujaa. Majirani zangu sijawahi kuwasikia wakimtaja. Na ile pua nyekundu, nakiri, iliniudhi kwa niaba yao.

Aliyebaki ni jogoo. "Ufaransa," mzee akasema, akarudi kwenye kazi zake.

Nilimwelewa nikiwa kwenye treni ya kurudi. Agosti 1831 Willem aliingiza jeshi lake Ubelgiji, likashinda kwa siku kumi, mpaka Wafaransa walipokuja likarudi nyuma. Katika katuni yangu jogoo bado yuko juu ya uzio, anatazama msumeno. Nikatoa daftari, na mbele ya 1831 nikaongeza kwa penseli: kabla ya Agosti.