Kukaa wapi, kutazama nini: mashindano ya dunia ya riadha London 2017 kutoka jukwaani

Anayenunua tiketi ya mashindano ya dunia ya riadha kwa mara ya kwanza hukimbilia viti vilivyo mbele ya mstari wa kumalizia. Hulipa bei ya juu kuliko zote, kisha akaambulia mita za mwisho za kila mbio na umati wa wapiga picha. Kwa mbio fupi viti hivyo vina maana. Kwa mtu aliyekwenda London Agosti 2017 kuwatazama Wakenya, Waganda na Waethiopia, mimi naviona ni pesa iliyopotea. Mahali nilipopapenda ni mwisho wa upande wa nyuma wa uwanja, pale kona ya mwisho inapoanza na mita 200 zimebaki, tena safu za juu.

Sababu ni hesabu ya uwanja wenyewe. Mita 800 na 10,000 huanzia kwenye mstari wa kumalizia. Mita 1,500 huanzia mwanzo wa upande wa nyuma, mita 300 kutoka mwisho. Mita 5,000 ni mizunguko 12 na nusu, kwa hiyo huanzia pale pale chini ya kiti chako. Kengele ya mzunguko wa mwisho hulia mbele ya jukwaa kuu, lakini kazi hufanyika upande wa pili, kwa kuwa anayempita mwenzake kwenye kona hulazimika kukimbia kwa nje na kuongeza umbali. Mjuzi hujisogeza mbele kabla kona haijafika. Ukikaa hapo unaona nani amebanwa ndani, nani anatafuta upenyo, na nani uso umeshakunjamana.

Safu za juu watu huzikimbia bure. Ukikaa chini kabisa, wakimbiaji wakiwa upande wa mbali wanakuwa kundi moja la fulana, na wavu wa kurushia nyundo na kisahani unaweza kukukingia kipande kizima cha uwanja. Ukiwa juu unaona nafasi kati ya mtu na mtu, na katika masafa marefu nafasi hizo ndizo mchezo wenyewe.

Chukua fainali ya mita 10,000 ya wanaume, usiku wa kwanza, tarehe 4 Agosti. Mwingereza Mo Farah alishinda kwa 26:49.51, Joshua Cheptegei wa Uganda akafuata kwa 26:49.94, Paul Tanui wa Kenya akawa wa tatu kwa 26:50.60. Mizunguko 25, na kati ya dhahabu na shaba pana sekunde moja na ushei. Wastani wake ni sekunde 64.4 kwa mzunguko, na huo wastani ndio wa kuingia nao kichwani. Chagua alama moja iliyo mbele yako, iwe bango la tangazo au kiunzi kilichowekwa kando, ubonyeze saa kila anayeongoza anapoipita. Sekunde 66 au 67 maana yake wanasubiriana, na kusubiriana kunamfaa mwenye kasi ya kumalizia. Ikishuka hadi 62 au chini, kuna mtu anajaribu kumchosha huyo mwenye kasi. Ndivyo wapinzani wa Farah walivyojaribu usiku ule kwa kupokezana uongozi. Skrini kubwa haikuambii haya kwa wakati, maana huku mbio zikiendelea inaonyesha pia mrusha tufe anapaka chokaa mkononi.

Mbio za kuruka viunzi na maji ndizo zinazomlipa zaidi aliye juu. Viunzi ni 28 na maji mara saba. Kiunzi cha wanaume kina sentimita 91.4, cha wanawake 76.2. Kidimbwi cha London kilikuwa upande wa ndani wa njia ya kawaida, kwa hiyo mkimbiaji hana budi kukata kuelekea ndani kila akifika. Kwenye fainali ya wanawake, tarehe 11, Mkenya Beatrice Chepkoech alinyoosha moja kwa moja mzunguko wa mwanzo akapita kidimbwi. Ikabidi ageuke, arudi, aruke, ndipo aanze kulifukuza kundi. Aliishia wa nne kwa 9:10.45, huku Emma Coburn wa Marekani akishinda kwa 9:02.58 na Hyvin Kiyeng akipata shaba. Ukipata kiti kinachotazama kidimbwi, tazama mguu unaokanyaga ubao wa kiunzi cha maji. Anayeusukuma hutua karibu na ukingo na kutoka kwa hatua moja. Aliyechoka hutumbukia kwenye kina na kutoka amelowa hadi kiunoni, na hapo mita tatu zimekwenda.

Vipindi vya asubuhi ni mchujo, na tiketi zake ni nafuu. Usividharau. Kwenye ubao wa matokeo, Q kubwa ni aliyepita kwa nafasi yake, q ndogo ni aliyeokolewa na muda. Siku zile q ndogo ilikuwapo hata kwenye 1,500 na 5,000, na waliokimbia mchujo wa mwisho kati ya michujo ya mbio hiyo walikuwa na faida ya kujua muda wa kuuwinda. Tangu mashindano ya dunia ya Budapest 2023, kuanzia mita 1,500 kwenda juu wanapita kwa nafasi tu. Kwa hiyo siku hizi usishangae mchujo wa 1,500 ukienda polepole kisha wote wakafyatuka mita 300 za mwisho.

Marathoni haikuhitaji tiketi. Wanaume na wanawake walikimbia siku moja, Jumapili tarehe 6, wakianzia na kumalizia kwenye daraja la Tower Bridge, mizunguko minne ya kilomita kumi hivi. Njia ya aina hiyo ni neema: badala ya kumwona mtu mara moja, unamwona kila baada ya nusu saa, na kando ya mto Thames, kwenye Embankment, walikwenda na kurudi. Simama karibu na nguzo ya taa, anza saa wa kwanza anapoipita, simamisha anapopita unayemfuatilia. Kwa mwendo wa dakika tatu kwa kilomita, sekunde moja ni mita tano na nusu. Mkenya Geoffrey Kirui alishinda kwa 2:08:27. Nyuma yake Tamirat Tola wa Ethiopia alikuwa na 2:09:49 na Alphonce Simbu wa Tanzania 2:09:51, yaani Simbu aliikosa nishani ya fedha kwa kama mita kumi. Mwenye saa mkononi aliona pengo hilo likipungua mzunguko wa mwisho.

Michezo ya kurusha na kuruka ndiyo inayopotea kirahisi, kwa kuwa hufanyika wakati mmoja na mbio. Mwaka 2017, baada ya majaribio matatu walibaki wanane bora, nao walipewa mengine matatu. Wengi walisubiri raundi ya sita, lakini tupo bora huweza kuja mapema. Mkenya Julius Yego alipotupa mkuki mita 92.72 Beijing mwaka 2015, ilikuwa raundi ya tatu. Zoea kuangalia bendera: nyeupe ni halali, nyekundu imeharibika.

Fika mapema, hata kama ratiba inaonyesha hakuna kitu. Tarehe 9, Isaac Makwala wa Botswana, aliyekuwa amezuiwa kwa hofu ya ugonjwa wa tumbo wa kuambukiza, aliruhusiwa kukimbia mchujo wa mita 200 peke yake, mvua ikinyesha. Alitumia sekunde 20.20, akapiga pushapu pale pale, na baadaye jioni hiyo hiyo akakimbia nusu fainali. Waliokuwa bado kwenye foleni ya ukaguzi walisikia kelele tu.

Mvua hiyo nayo ni somo: Agosti ya London ikishafika saa tatu usiku inataka koti, na safu za mbele hazifunikwi vizuri na paa. Mwavuli humkera wa nyuma yako. Vaa koti la mvua. Kipindi kikiisha, wote huelekea kituo cha Stratford kwa pamoja. Mimi hubaki kitini kama dakika ishirini nikisubiri nishani au matokeo ya mwisho, foleni ipungue. Anayetoka mbio kabla ya mwisho ili awahi treni, mara nyingi mbio za kupokezana vijiti zinampita akiwa kwenye ngazi.