Bi harusi aliyeingia ukumbini kwa dakika 70

Leo chai haijapoa, simu ikaita. Ni mama mkubwa wa bi harusi niliyemrekodi video Jumamosi, kule Ngamiani. Nimemwamkia shikamoo, marahaba yake ikaja na mashtaka: "Mwanangu, mbona bi harusi anatembea kama kabeba mtungi? Na wimbo umekwisha zamani, watu bado wanacheza kimya kimya!"

Nikacheka. Nikafungua faili, nikaacha kucheka. Kipande cha dakika 10 picha yake imevutika hadi 70. Sauti, tena ya kukatikakatika, imeishia dakika ya 18 na ushei.

Harusi huzirekodi kwa TS, aina ya faili la video, maana umeme ukikatika katikati, kilichokwisha rekodiwa kinasomeka. MP4 isiyofungwa vizuri ni kilio. Baadaye nahamishia pakiti zilezile, yaani vipande vya picha na sauti vilivyobanwa, kwenye MP4 kwa kijiprogramu nilichokiandika juu ya maktaba za FFmpeg, programu huria ya kushughulikia video na sauti. Kila pakiti inabeba namba mbili: DTS, lini ifumbuliwe, na PTS, lini ionyeshwe. Zinaachana pale fremu, yaani picha moja ya video, inapongoja ile itakayoonyeshwa baada yake ifumbuliwe kwanza. Namba zenyewe si sekunde. TS inaikata sekunde vipande 90,000, kwa hiyo kwa fremu 25 kwa sekunde, kila moja inakula 3,600.

MP4 niliidokezea kizio cha muda cha 1/25, yaani sekunde ikatwe vipande 25. FFmpeg ikaichukua 25, ikaizidisha kwa mbili, tena kwa mbili, hadi ikavuka 10,000: ikatua 12,800. Hapo fremu inatakiwa kula 512. Mimi nikaisukumia 3,600 kama zilivyo! Mara saba na kidogo. Sauti ilipewa vipande 48,000 kwa sekunde, ndiyo maana nayo ikachelewa kivyake.

Kinachoniuma ni kwamba pakiti ina sehemu ya kuandika kizio chake cha muda, na mimi niliijaza vizuri kabisa, 1/90000, nikalala usingizi. Kumbe sehemu ya FFmpeg inayoandika faili haiitazami. Mfano haukai sawasawa, lakini ni kama kadi ya harusi yenye "saa 2 usiku": mgeni wa ng'ambo anatokea saa nane, viti vimeshapangwa juu ya vingine.

Dawa ni mstari mmoja, av_packet_rescale_ts, unaogeuza PTS, DTS na urefu wa pakiti kwa pamoja. Uje baada ya kuandika kichwa cha faili, usome kizio kilichotolewa, si kile ulichoomba. Mstari mmoja, na mimi nimeutafuta tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Jioni nimepeleka faili jipya. Mama mkubwa kalitazama lote, karidhika. Kisha kaniomba lile la kwanza nisilifute: pale anapomtunza mwimbaji, kitenge chake kinaonekana vizuri zaidi.