Siku Yangu na Mama M07

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ufuo wa Dunga. Giza bado, lakini mashua zimeanza kuingia na akina mama wamejipanga na beseni zao. Mimi nimekuja na simu ya kurekodi. Utafiti wangu wa uzamili unahusu jambo dogo: mtu wa Kisumu akiongea Kiswahili, kisu chake ni "kisu changu" au "kisu yangu"? Sarufi ya shule inataka changu. Soko lina yake.

Mama mmoja ananiona. Kwenye daftari langu hana jina, ni M07. Niliwaahidi wote hivyo kabla ya kuwarekodi. "Nyathina (mwanangu, kwa Kijaluo), umekuja tena kuiba maneno?" Kabla sijajibu amemgeukia msaidizi wake: "Kisu yangu iko wapi?" Nikacheka peke yangu.

Saa mbili, matatu, chai, mandazi mawili.

Saa tatu niko mezani. Watu hudhani takwimu ni hesabu. Asubuhi yangu kwa kweli ni kufagia. Jedwali langu lina mstari mmoja kwa kila neno: nani kasema, jinsia, kazi yake, changu au yangu. Naiambia R, programu yangu ya takwimu, ihesabu jinsia, inanipa nne: "mke", "Mke", "mume", na "mke" nyingine yenye nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni. Kwa R, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili kabisa. Dakika arobaini zimeishia hapo. Siilaumu sana, maana ni ya bure. Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianzisha kule Auckland, New Zealand, na bila wao sijui leseni ya programu nyingine ningeilipa na nini.

Saa tano: kipimo cha kai-mraba, kile cha Karl Pearson cha mwaka 1900, kinachopima kama tofauti ya makundi mawili inaweza kuwa bahati tu. Wauza samaki wa Dunga upande huu, watu wa boda wa Kondele upande ule. Thamani ya p: 0.003, yaani kama makundi hayatofautiani, tofauti kubwa hivi ingetokea kwa bahati mara tatu tu katika elfu. Nikasimama, nikaketi, nikampigia msimamizi wangu.

"Hongera. Yametoka kwa watu wangapi?"

"Maneno 380, Daktari."

"Sikuuliza maneno."

Watu ni 20. Nikahesabu kila mmoja katoa mangapi, na hapo ndipo jasho lilinitoka: M07 peke yake katoa 94, karibu yote "yangu". Kai-mraba huchukulia kwamba kila neno limekuja kivyake, halihusiani na jirani yake. Lakini maneno 94 ya mama mmoja si mashahidi 94. Ni shahidi mmoja aliyeitwa kizimbani mara 94. Nikamtoa nione: p ikaruka hadi 0.21. Ugunduzi wangu wote ulikuwa mdomo wa mtu mmoja!

Kumtupa nje nako si haki, na yeye ni msemaji wa Dunga kama wengine. Dawa ni modeli inayojua nani kasema nini. Kwenye R unaongeza kijisehemu hiki tu: (1 | mtu). Maana yake, kila msemaji apewe mahali pake pa kuanzia, ili mazoea ya M07 yabaki yake na yasigeuzwe kuwa ya soko zima.

Saa nane stima zikapotea, nikiwa na betri asilimia 19. Nikakaa gizani nikimfikiria mwanaisimu William Labov, ambaye mwaka 1962 alizunguka maduka makubwa ya New York akiuliza bidhaa zilizoko orofa ya nne, ili asikie tu kama mtu anaitamka "r" ya "fourth floor". Alipata watu 264, kila mmoja maneno machache, basi. Zamani niliona ni uvivu.

Saa kumi stima zimerudi, modeli imekubali. Tofauti kati ya Dunga na Kondele bado inaelekea kulekule, ila kwa watu 20 siwezi kuapa.

Saa mbili usiku nakata sukuma wiki. "Kisu yetu iko wapi?" nauliza. Dada yangu anacheka mpaka anashika ukuta. Sijajiandika kwenye jedwali.

Kabla ya kulala namwandikia Daktari: naongeza watu kumi Dunga na kumi Kondele, na nikishapata maneno kumi kwa mtu, nazima simu. M07 nitamsalimia tu, nikiwa nimeizima tayari.