Mimi na Chui hadi Mnara wa Vasco da Gama

Leo alfajiri nimetoka na mbwa wangu, Chui, kabla jua la kaskazi halijashika. Maji yalikuwa yamekupwa, tukafuata ufuo mpaka kwenye rasi. Chui kazi yake ilikuwa kuwafukuza kaa. Kila kaa akiingia shimoni, yeye anatia pua humo, anapiga chafya, pua nzima mchanga mtupu, kisha anahamia shimo jingine. Nilisimama kumtazama, haraka ya nini?

Mnara wenyewe umekaa juu ya mwamba wa matumbawe: mweupe, umechongoka, na kileleni una msalaba wa jiwe la kutoka Lisbon. Da Gama, baharia Mreno, alifika hapa Malindi Aprili 1498. Mombasa mambo yalikuwa yamemwendea vibaya, lakini mfalme wa Malindi alimkaribisha, akampa na rubani wa kumvusha hadi Kalikuti, India. Mimi kila nikifika pale humfikiria zaidi huyo rubani, aliyezijua pepo na nyota za bahari hii.

Tulipumzika kivulini nikamnywesha Chui maji kiganjani. Wakati wa kurudi mchanga ulikuwa umeshika moto, akaanza kuinua mguu mmoja mmoja. Kumtazama nyayo, ya mbele kulia imechubuka kwenye matumbawe. Roho iliniuma. Nimembeba mpaka barabarani, mzito kama gunia la nazi, ulimi wake shingoni mwangu.

Sasa nimeshamwosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, amelala barazani. Kesho hatutoki.