Foleni ya mitungi

Naandika sai saa kumi na moja alfajiri kabla kijana wangu mkubwa aamke, maana yeye akiamka ni kuamka kweli, anaanza kutembea koridho ya plot akirudia tangazo la redio neno kwa neno, hata ile sauti ya kengele ya mwisho, mpaka jirani agonge ukuta.

Kwa wale hamnijui, niko na vijana wawili wenye usonji, ile wanaita autism, mkubwa ana miaka 9 na mdogo 5. Tulitoka ushago, huko mbele ya Mwingi, mahali lami inaisha na bodaboda bado inaendelea kitambo. Ticha wa chekechea ndiye aliniambia, mama, huyu si mtundu, mpeleke akapimwe. Nikapimishe wapi? Kwa zahanati kulikuwa na nesi mmoja, akamwangalia masikio akasema mtoto ni mzima. Nchi hii imekuwa na vituo vya asesmenti ya elimu, pale watoto kama hawa hupimwa, tangu 1984, sawa, lakini kituo kuwepo na wewe kufika ni vitu viwili tofauti, hasa kama nauli ndio hiyo hiyo ya unga.

Maombi tuliombewa, mafuta tukapakwa. Mzee mmoja akasema ni laana ya upande wa baba yao, upande wa baba wakasema ni ya kwetu, na mdogo alipoanza kutembea kwa ncha za vidole na kupoteza yale maneno machache alikuwa nayo, kesi ikafungwa, ati mama ndiye shida. Ni hapa Nairobi nilielezwa kwamba ukishapata mmoja mwenye usonji, anayemfuata ana nafasi kama 1 kati ya 5 ya kuwa nao pia. Hiyo namba ilinitua mzigo kuliko maombi yote. Halafu nikasoma kwamba hata Marekani, baada ya daktari anaitwa Leo Kanner kuandika habari za watoto 11 wenye usonji mwaka wa 1943, wataalamu walikaa miaka na miaka wakilaumu mama, ati ni baridi, hapendi mtoto. Nilicheka peke yangu kwa matatu watu wakaniangalia. Kumbe wazee wa kwetu na maprofesa walikuwa kamati moja!

Lakini leo si hayo, leo ni mitungi.

Agosti tulienda kwa Susu, yaani mama yangu. Maji huko ni ya kisima cha pampu na foleni ni ya mitungi, ile ya njano ya lita 20, unaacha wako hapo unaenda kukaa kwa kivuli. Siku ya pili mkubwa akaikuta. Akaanza kuipanga, mdomo wote upande mmoja, mikono ya kushikia upande mmoja, nafasi kati ya mtungi na mtungi ni kiganja chake, anapima kabisa, halafu anarudi nyuma anapiga piga vidole hewani vile anafanyaga akiwa na raha. Mimi roho mkononi, nangoja mtu ampigie kelele. Mama mmoja akaja akataka kuchomeka wake katikati, mkubwa akautoa akaupeleka mwisho, bila neno. Wamama wakaangua kicheko, wakamwambia si umeona, umekamatwa. Kufikia wiki ya pili yeye ndiye alikuwa foleni. Hakuna aliyejua neno usonji pale, na nina hakika wengine bado wanasema ni laana, lakini ukimuuliza yeyote huyu ni wa nani atakuonyesha boma, na akizurura analetwa na bodaboda ya kwanza kupita.

Hapa Nairobi kwa plot yetu maji huja Jumanne. Juzi akapanga mitungi ya plot nzima vile vile, jirani akairusha teke, akaniambia nimfunge mtoto wangu. Mkubwa akajipiga kichwa ukutani mpaka nikamkalia nimemkumbatia, dakika kama arobaini hivi, mdogo naye amejifunika blanketi kwa sababu ya kelele. Na geti likiachwa wazi nakufa, mwaka jana alitoka tukampata stejini jioni, tangu hapo namwandikia namba yangu ya simu kwa vesti na maka peni. Na bado, ni hapa kuna yuniti yenye ticha aliyesomea mambo yao, ni hapa kuna spichi therapi, na mdogo mwezi uliopita alinivuta mkono akaonyesha picha ya kikombe. Kikombe! Miaka mitano nabahatisha.

Jana Susu amepiga simu. Hakuuliza habari ya therapi, hajawahi kuuliza. Ati wamama wawili wamepigana kisimani kwa sababu ya foleni, chifu ameitwa, sasa wanauliza yule kijana anarudi lini. Nikamwambia Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Akanyamaza kidogo, akaniambia niende na hiyo picha ya kikombe pia.