Beseni la maji limeniokoa

Jamani kulea wawili sio mchezo. Mdogo ana wiki 3, ananyonya kama mara 10 kwa siku, na kila nikikaa tu kumnyonyesha kaka mtu wa miaka 2 na nusu ndo anakumbuka anataka kubebwa au anaparamia kabati la vyombo. Mwanzoni nilikua nampa simu aangalie katuni, ukimnyang'anya ni kilio mpaka majirani wanachungulia.

Sasa hivi ni beseni. Namwekea maji kidogo, vikombe vya plastiki na chujio la chai, mi nakaa hapohapo kwenye mkeka nanyonyesha huku namwangalia (maji hata yawe kiduchu mtoto haachwi peke yake, hapo sina utani), basi anamimina anahamisha nusu saa nzima, sakafu ikiloa ntadeki.

Jioni bibi yake anamfungia mdoli mgongoni kwa kanga, kaka mtu anazunguka nae ndani, "nyamaza mwanangu, mama anapika". Juzi kamlaza pembeni ya mdogo wake akawafunika miguu wote wawili na kitambaa cha jikoni. Kinanuka dagaa. Nilicheka mpaka mshono ukauma.